Darasa la kompyuta au meza ya msaada? Ulinganisho kwa wafanyakazi wa maktaba wa Lamu na Malindi

Maktaba ndogo za Pwani hufika mahali pamoja. Kompyuta zipo chache, nyingine za msaada. Waifai leo ipo, kesho haipo. Na yupo mfanyakazi mmoja ambaye watu wameshamjua kuwa ndiye wa mambo ya mitandao. Hapo huja swali: afungue darasa lenye ratiba, au akae mezani amsaidie kila ajaye na haja yake? Wengi hukimbilia darasa, kwa sababu darasa linaonekana. Lina orodha ya mahudhurio, lina picha ya kupeleka kaunti, lina vyeti siku ya kufunga. Kazi ya mezani haina picha.

Mimi ni wa Lamu na naegemea meza. Nitaeleza kwa nini, na nitataja pia pale darasa linapoishinda meza, maana mahali hapo papo, na kwa mtu wa Malindi huenda pakawa pengi kuliko kwetu.

Tuelewane kwanza. Darasa ni zile pakeji tunazozijua: Word, Excel, PowerPoint, barua pepe na intaneti, siku fulani saa fulani, wiki kadhaa. Meza ni kiti kimoja cha ziada kando ya kaunta, kompyuta moja au simu ya mgeni mwenyewe, na dakika ishirini za kumwonyesha jambo moja analolitaka leo. Na kuna saiba ya mtaani, ambayo hatuwezi kujifanya haipo, kwa kuwa ndiko watu waendako sisi tukiwa tumefunga.

Saa ya ukutani na saa ya maji

Anayetoka Faza, Siyu au Kizingitini haji Lamu kwa saa ya ukutani. Boti za Pate hupita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, na maji yakipwa sana njia haipitiki. Safari hufuata maji, na maji hujisogeza karibu dakika hamsini kila siku. Fanya hesabu ya wiki nzima: saa ileile ambayo Jumanne hii maji yamejaa, Jumanne ijayo yamepwa. Sasa mwambie mtu wa Siyu kwamba darasa ni kila Jumanne saa nane mchana. Atakuja wiki ya kwanza, ya pili hataonekana, ya tatu ataona haya kuingia kwa kuwa wenzake wameshamwacha. Kwenye daftari ataandikwa mtoro.

Meza haimuulizi alikuwa wapi juzi. Akishuka gatini na karatasi yake mkononi, anaingia, anasaidiwa, anawahi boti.

Walio mjini nao wana ratiba zao zinazogongana na yetu. Watoto wakitoka shule wanakwenda chuoni kusoma Kurani. Kina mama wengi hupata nafasi baada ya alasiri, na wakati wa Ramadhani hata hiyo haipo kwa sababu ya jiko la futari. Wavuvi ndio walionishangaza: wao darasa wanaliweza, ila kwa msimu. Kusi likikaza, Julai na Agosti, vyombo vidogo havitoki sana na watu wanakaa barazani. Ukitaka darasa la wavuvi, weka hapo.

Malindi mambo ni tofauti. Mtu wa Mambrui, Gede au Watamu anapanda matatu, halafu tuktuk, na saa nane yake ni saa nane ya kila siku. Msimu wa watalii ukiisha, kuanzia Aprili hadi Juni, hoteli nyingi hupunguza watu, na vijana wa mapokezi na jikoni wanakuwa na miezi mitupu. Hao wanaweza kumaliza pakeji nzima bila kukosa hata siku moja. Ningekuwa Malindi, darasa ningelifungua Aprili na kulifunga kabla ya Julai.

Mtu anaondoka na nini mkononi

Hapa ndipo tofauti ilipo kubwa, na ndipo nitakapokaa kidogo.

Chukua kijana anayeomba kazi bandarini. Tangu gati la kwanza la Bandari ya Lamu lifunguliwe Mei 2021, vijana wa huku wanaulizwa karatasi ambazo baba zao hawakuwahi kuulizwa: cheti cha tabia njema, PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi), wasifu uliopigwa chapa, vyote vitumwe kwa barua pepe. Akija darasani, somo la kwanza ni kuwasha kompyuta na kutaja sehemu zake. La pili ni kibodi. Barua pepe itafika wiki ya nne, na tangazo la kazi limeshafungwa.

Akija mezani, tunaanzia mwisho. Simu yake ina picha ya kitambulisho aliyoipiga juu ya goti, kona moja imekatika na kidole gumba kinaonekana. Tunaipiga upya: kitambulisho juu ya karatasi nyeupe, karibu na dirisha, kwa ile sehemu ya kuskani iliyomo ndani ya programu ya Google Drive, itoke PDF. Faili linajiita kwa tarakimu ndefu zisizo na maana. Namwambia alipe jina lake na jina la karatasi, kwa sababu huko linakokwenda kuna mafaili mengine mia yenye tarakimu. Hapo ndipo anapoelewa faili ni nini. Darasani nimewahi kulifafanua faili ubaoni kwa nusu saa, na watu wakatikisa vichwa kwa adabu tu.

Kisha barua pepe. Ukiuliza "una barua pepe?" wengi watasema ndiyo. Uliza "paswadi?" na kimya kinaingia. Barua pepe ilifunguliwa na mtu wa saiba, kwa namba ya simu ya huyo mtu wa saiba, na namba ya siri ya kuthibitisha inakwenda kwenye simu isiyo yake. Au laini imesajiliwa kwa jina la kaka aliye Mombasa. Kufungua upya ni kazi ya dakika kumi. Kumfanya aelewe kwa nini namba ya kurejesha akaunti iwe yake mwenyewe ndilo somo.

Saiba basi tuiweke wapi? Saiba ina kasi, na kwa mtu anayetaka jambo limalizike bila kujifunza lolote, ndiko aende, wala si aibu. Mzee akikwambia, "Mwanangu, nifanyie tu, mie macho yameshanishinda," usimlazimishe kuwa mwanafunzi. Shida ya saiba ni kinachobaki nyuma: paswadi imehifadhiwa kwenye kivinjari cha kila mtu, nakala ya kitambulisho imelala kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na maktaba haiwezi kujitetea kwamba haikujua. Mezani kwetu basi kuna masharti. Mgeni ndiye anayeshika kibodi. Paswadi anaiandika yeye kwenye karatasi yake, nami nageuza uso. Tunatumia dirisha la hali fiche, tunatoka kwenye akaunti, tunafuta kilichopakuliwa mbele ya macho yake. PIN ya M-Pesa haitajwi hata kwa kunong'ona. Malipo ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, yanakwenda kwa namba ya malipo 222222, na nawaomba waikariri, ili siku mtu akiwatumia namba nyingine wasimame wafikiri.

Mkono wa mwalimu kuchukua kipanya ndio ugonjwa wa kazi hii. Mtu anatafuta alama ya "@" na wewe unaiona, vidole vinawasha. Ukimfanyia, umekuwa saiba ya bure.

Panapo uzito wa darasa

Meza inatibu jambo moja moja. Aliyesaidiwa kutuma wasifu hajui bado kutengeneza jedwali la matumizi ya duka, na hatalijua kwa dakika ishirini. Excel inataka mazoezi ya kurudiarudia, kosa liwe lilelile, na jirani wa kumchungulia. Hoteli ya Malindi inayotafuta mtu wa mapokezi au wa stoo itampa jedwali siku ya kwanza. Kwa kijana huyo meza ni kumchelewesha. Aende darasa, na ikiwezekana darasa lenye cheti kinachotambulika.

Darasa pia linaishinda meza pale mtu anapoona aibu, na aibu Pwani si jambo dogo. Mama wa makamo atakaa na wenzake sita darasani na kucheka pamoja wakikosea. Peke yake mezani, huku vijana wanapita, hatakuja. Nimeona kina mama waliokataa kiti cha mezani wakajaa kwenye darasa la wanawake la baada ya alasiri, mlango umefungwa. Ukitaka kuwapata, fungua darasa, na liwe lao.

Na ipo hoja ya intaneti. Meza bila mtandao haina kazi. eCitizen, KRA, HELB ya mikopo ya wanafunzi na KUCCPS ya nafasi za vyuo, vyote viko huko. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota kwa siku kadhaa. Siku kama hizo mwenye meza hana la kufanya ila kuomba radhi. Mwenye darasa anaendelea, ikiwa amejiandaa. Kiwix inakuwezesha kuweka Wikipedia nzima ya Kiswahili kwenye flashi ya kawaida na kuisoma bila mtandao. Kolibri, ya shirika la Learning Equality, inabeba masomo na video, na kompyuta moja ndogo ya Raspberry Pi, inayokula umeme kidogo kiasi cha kuendeshwa kwa betri, huyasambaza kwa simu na kompyuta zote zilizomo chumbani. Kwa wanafunzi wa sekondari hiyo inatosha kabisa. Wikipedia ya Kiingereza yenye picha ni jambo jingine: inapita gigabaiti mia, pakua ukiwa Mombasa au Nairobi, usijaribu kwa bando.

Mtandao ukiwepo, kuna zoezi moja la darasani ninalolipenda. Waambie watafute "Uhuru". Watapata sikukuu, watapata rais wa zamani, watapata bustani ya Nairobi. Waongeze "setilaiti". Waongeze "Ngomeni", kisha wachuje ile Ngomeni ya Kitui. Mwishowe watakutana na setilaiti iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, hapo karibu na Malindi, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei angani. Watoto wa Malindi hushangaa kwamba jambo kama hilo liko kilomita chache kutoka kwao. Namna ya kuongeza neno ili kuchuja majibu hawaisahau tena.

Simu au kompyuta

Mezani mara nyingi simu inatosha, na ni afadhali, kwa sababu simu ndiyo atakayoondoka nayo. Aliyefundishwa kwa kompyuta ya maktaba atatafuta maktaba kila akihitaji. Hata mwenye mulika mwizi usimrudishe: kujiandikisha SHA, ile bima iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kunafanyika kwa *147# bila intaneti. Mfanyakazi asiyelijua hilo huwapanga wazee foleni ya kompyuta bure.

Kompyuta inahitajika kwa wasifu mrefu, kwa jedwali, na kwa ritani ya KRA, ambayo kwenye kioo kidogo ni mateso. Usidhani anayekimbia kwenye WhatsApp ataweza kipanya. Mkono uliozoea kugusa kioo unahangaika kubofya mara mbili, na hilo lina siku yake ya mazoezi. Michezo ya GCompris, iliyotengenezwa kwa watoto, inafanya kazi nzuri kwa watu wazima pia, mradi usiwaambie ni ya watoto.

Kuhusu mashine zenyewe sina mengi. Windows 10 iliachwa kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za msaada hazikubaliki na Windows 11. Weka Linux Mint mahali pa Windows na LibreOffice mahali pa Word na Excel, zote za bure, endelea na kazi. Anayejua Calc, jedwali la LibreOffice, ataielewa Excel bila shida. Zifunike usiku, maana chumvi ya bahari hula viunganishi, na usiziache zimezimwa miezi.

Na wewe mwenyewe unajifunzia wapi?

Swali hili huachwa, kana kwamba mfundishaji alizaliwa anajua. Njia ninazoziona ni tatu.

Cheti kama cha ICDL, mpango ulioanzia Ulaya miaka ya 1990, kina mtihani na kinatambulika na waajiri. Kinakufaa ukitaka kupanda cheo au kuhama. Kinagharimu, na kinakufundisha kutumia programu, si kumfundisha mtu mwingine aitumie. Ukiwa Lamu, weka na nauli.

Masomo ya bure ya mtandaoni, kama ya GCFGlobal, ni mafupi na yamepangwa vizuri. Ni ya Kiingereza, na video zinakula bando, lakini maelezo ya maandishi yapo na yanasomeka haraka. Jifunze kwayo, fundisha kwa maneno yako.

Ya tatu ni daftari la mezani. Kila swali lililokushinda liandike, bila jina la aliyeuliza. Jioni au mwisho wa wiki tafuta jibu. Nadhani hili linashinda yale mawili kwa mtu wa maktaba, kwa sababu linakufundisha kile watu wako wanachouliza. Baada ya muda daftari linaanza kurudia. Swali la kurejesha paswadi limekuja mara nyingi? Basi hilo ndilo somo la kwanza la darasa lako, na umelipata bila kunakili silabasi ya mtu. Halafu nenda GCFGlobal au ICDL ukajaze mapengo.

Koha nitaigusa tu, kwa kuwa kila mkutubi anaulizwa. Ni programu huria ya kuendesha maktaba, ilianza New Zealand na kutumika mara ya kwanza Januari 2000. Ni nzuri. Inataka seva na mtu wa kuitunza. Ukiwa peke yako na vitabu vichache, anza na jedwali safi lenye safu za mwandishi, jina, mwaka na namba ya rafu. Likiwa safi, kulihamishia Koha baadaye si kazi ngumu. Likiwa chafu, Koha itaonyesha uchafu huo kwa wasomaji wote.

Ningekuwa wewe

Maktaba ya mfanyakazi mmoja Lamu: meza asubuhi zote, na bango mlangoni lisemalo wazi msaada gani unatolewa, ili mtu wa Pate asiingie kwa wasiwasi. Darasa moja la wanawake baada ya alasiri, mara mbili kwa wiki, watu wawili kwa kompyuta moja na si zaidi. Wavuvi Julai na Agosti. Jambo lolote la mezani likizidi nusu saa, mpe siku nyingine au mpeleke darasani.

Malindi penye wafanyakazi wawili: mmoja darasani kuanzia Aprili, mwingine mezani mwaka mzima, na wabadilishane, kwa sababu anayefundisha darasani tu hupoteza habari za mlangoni. Wanaotafuta kazi za hoteli waanzie darasani moja kwa moja. Wengine wote waanzie mezani.

Juni wiki mbili za mwisho, Lamu na Malindi sawa, simamisha masomo yote. Ritani za KRA zinafungwa tarehe 30, wasio na mapato nao wanatakiwa kuweka za sifuri, na kila kompyuta uliyonayo itahitajika mezani.